Chungu cha Umeme cha Kupikia Polepole: Mwongozo Kamili wa Kukichagua, Kukipima na Kuanza Kukitumia

Malalamiko yanayorudi kila mara ni matatu. Wa kwanza alinunua chungu kikubwa, akapikia mchuzi wa watu watatu, akakuta umeganda na kuungua pembeni kabla nyama haijaiva. Wa pili alipata mchuzi mwepesi kama maji yaliyooshewa nyama. Wa tatu, ambaye kisa chake ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, aliweka maharage mekundu makavu asubuhi, akaenda kazini, na baada ya chakula cha jioni nyumba nzima ikapishana mlangoni pa choo.

Wote watatu waliamini kwamba wameuziwa chungu kibovu. Kwa jinsi walivyoeleza walivyopika, sidhani kwamba kulikuwa na kibovu hata kimoja. Kilichokosewa ni ukubwa kwa wa kwanza, kiasi cha maji kwa wa pili, na kwa wa tatu ni kutojua kwamba chungu hiki hakichemshi kama sufuria iliyo juu ya moto.

Mwongozo huu unahusu chungu chenye bakuli zito la kauri linaloketi ndani ya ganda lenye waya wa joto, na ambacho hupika kwa saa nne hadi kumi bila presha. Usikichanganye na presha kuka ya umeme, ambayo dukani hupangwa rafu moja nacho na kwa mbali hufanana nacho, lakini kazi yake ni nyingine kabisa.

## Vinavyohitajika kabla ya kutoka nyumbani

- Sufuria ambayo kwa kawaida unapikia mchuzi au maharage.
- Chupa tupu ya maji ya lita 1.
- Utepe wa kupimia, hata ule wa fundi cherehani.
- Kipima joto cha chakula chenye sindano. Maduka ya vifaa vya keki huwa navyo.
- Risiti ya mwisho ya Luku au ya tokeni, ili ujue uniti moja inakugharimu kiasi gani.
- Siku moja nzima utakayokuwa nyumbani kwa ajili ya jaribio la hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Andika vyakula vitano unavyopika mara nyingi

Fanya hivi kwa kalamu na karatasi, wala usiandike vyakula unavyotamani kuvipika siku moja. Andika vile vilivyopikwa nyumbani mwako mwezi uliopita.

Chungu hiki hufaa vyakula vinavyodai muda mrefu na unyevu mwingi: makongoro, mkia, supu ya mbuzi, nyama ya shingo na ya ubavu, kuku wa kienyeji aliyezeeka, makande, mbaazi, na boko boko la ngano na nyama. Sababu ni kwamba viungo vya mnyama vilivyofanya kazi sana vimejaa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huyeyuka na kuwa rojo laini zikikaa saa nyingi kwenye joto linalozidi nyuzi joto 70 hivi. Moto mkali haufupishi kazi hiyo sana, ila hukausha nyama.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyama isiyo na nyuzi hizo huharibika humo. Sarara ikikaa saa nane hutoka kavu na yenye kutawanyika kama pamba. Samaki humong'onyoka, mchicha hugeuka rangi ya tope, na wali hutoka bokoboko, ambapo safari hii neno hilo si sifa. Pilau lako libaki kwenye sufuria.

Ikiwa katika vyakula vyako vitano vitatu ni maharage na nafaka kavu, nami naambiwa kwamba unarudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni ukitaka kula saa mbili usiku, nitakushauri ununue presha kuka. Humo joto hupita nyuzi 110 kwa sababu mvuke umefungiwa, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda usiofika saa moja. Kumwambia mtu huyo anunue chungu cha polepole ni kumuuzia punda kwa safari ya meli.

Dalili kwamba hatua imefanikiwa: angalau vyakula vitatu kati ya vitano ni vya kuchemka muda mrefu, na una desturi ya kuanza kupika asubuhi au mchana kwa ajili ya jioni.

## Hatua ya 2: Pima sufuria yako kwa maji

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua sufuria unayopikia kila siku. Ijaze maji kwa chupa ya lita 1, ukihesabu, hadi pale mchuzi wako unapofika kwa kawaida. Kisha zidisha hesabu hiyo kwa moja na nusu. Ukipata kwamba mchuzi wako ni lita 2.4, chungu unachokihitaji ni cha lita 3.6, yaani kile kinachouzwa kama cha lita 3.5.

Sababu ya kuzidisha ni kwamba chungu hiki hufanya kazi vizuri kikiwa kimejaa kati ya nusu na theluthi mbili. Katika vyungu vingi waya wa joto umezungushwa ubavuni wala haupo chini ya kitako, hivyo chakula kikiwa kidogo, ukuta wa kauri ulio juu yake hupata joto bila kitu cha kulipokea, na mchuzi unaogusa ukuta huo hukauka na kuungua. Kikijaa hadi mdomoni, joto huchelewa kufika katikati, na kuchelewa huko ni hatari kwa nyama mbichi. Isitoshe, lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa hadi ukingoni, mahali ambapo hakuna mpishi anayejaza chakula.

Kwa anayetaka makadirio ya haraka: lita 1.5 hadi 2.5 kwa watu wawili, lita 3 hadi 3.5 kwa watu watatu au wanne, lita 4.5 hadi 5 kwa watano au sita. Cha lita 6.5 ni cha nyumba yenye wageni wa kudumu, au ya mpishi anayepika mara moja na kugandisha kwenye friza chakula cha wiki nzima.

Chungu changu cha kwanza kilikuwa cha lita 6.5. Nilikinunua kwa sababu tofauti ya bei kati yake na cha lita 3.5 ilikuwa ndogo, nikajiona mjanja. Kwa miezi sita nilikuwa ninapika ama kingi kupita kiasi, ama cha kuungua pembeni, hadi nilipokipeleka kwa shangazi yangu ambaye nyumba yake haikosi watu kumi mezani, na huko kinapendwa mpaka leo.

Kuhusu umbo, cha mviringo husambaza joto la mchuzi na supu kwa usawa zaidi, na cha yai humeza kuku mzima au kipande cha mguu wa mbuzi bila kukikata. Ikiwa hupiki kuku mzima, chagua cha mviringo.

Mwisho, pima kwa utepe mahali kitakapokaa, pamoja na kimo chake kifuniko kikiwa juu. Acha nafasi ya sentimita 15 kila upande, kwa sababu ganda la nje hupata joto la kuunguza kidole, na mvuke unaotoka kila siku huvimbisha mbao za kabati lililo juu yake. Angalia pia umbali wa soketi. Waya wa chungu hiki hufanywa mfupi kwa makusudi ili mtoto asiuvute, na hupaswi kuurefusha kwa ekstensheni ambayo tayari inabeba friji na birika.

Dalili kwamba hatua imefanikiwa: una namba moja ya lita iliyoandikwa kwenye karatasi, na muuzaji hatakuyumbisha.

## Hatua ya 3: Soma kibandiko cha umeme kabla ya kusoma bei

Geuza chungu, utafute kibandiko chini ya ganda. Kinachohitajika Tanzania, Kenya na Uganda ni kinachoonyesha volti 220 hadi 240 na herzi 50.

Onyo hili linawahusu hasa wanaoletewa vyombo na ndugu walioko Marekani. Chungu cha huko kimetengenezwa kwa volti 120. Ukikichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, waya wake hauli umeme mara mbili kama wengi wanavyodhani, bali karibu mara tatu na nusu hadi nne, kwa kuwa nguvu huongezeka kwa mraba wa volti. Chungu cha wati 240 hutaka kufanya kazi ya wati 880. Mwenye bahati hupasukiwa na fyuzi. Asiye na bahati hupasukiwa na bakuli likiwa na chakula. Transfoma ya kupunguza umeme inawezekana, lakini iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati za chungu, na bei yake hukaribia kununua chungu kingine hapa nyumbani. Adapta inayobadilisha umbo la plagi pekee haipunguzi volti hata moja.

Vyungu vinavyotoka Oman, Falme za Kiarabu na Uingereza havina shida hiyo, kwani volti zinakaribiana na zetu na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Vinavyotoka Ufaransa au Ujerumani vina volti sahihi lakini pini zake ni za duara, ambazo wasomaji wa Burundi na Kongo huzifahamu, hivyo wa kwetu watabadilisha plagi kwa fundi. Mwambie aweke fyuzi ya ampea 3. Chungu cha wati 250 hutumia ampea moja na kidogo tu, na fyuzi ya ampea 13 itaacha waya uungue kwanza ndipo yenyewe ikatike.

Sasa piga hesabu ya gharama. Cha lita 3.5 kwa kawaida huwa na wati zipatazo 200, na cha lita 6.5 huwa na wati 300 hadi 350. Wati 200 kwa saa 8 ni wati 1,600 za saa, yaani uniti 1.6. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako, na hicho ndicho kiwango cha juu, kwa sababu kwenye moto mdogo vyungu vingi hutumia pungufu ya wati zilizoandikwa. Wanaosema kwamba chungu hiki hakili umeme kabisa wanatia chumvi: maharage yale yale kwenye presha kuka ya wati 1,000 yanaweza kuiva kwa chini ya uniti moja. Unachokinunua hapa ni uhuru wa kuondoka jikoni, pamoja na ladha ya nyama iliyoiva kwa utulivu. Kama hivyo viwili havina thamani kwako, rudi hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Chagua kidhibiti kwa kufikiria kukatika kwa umeme

Dukani utakutana na aina mbili. Ya kwanza ina kitufe kimoja cha kuzungusha chenye moto mdogo, moto mkubwa na kuhifadhi joto. Ya pili ina kioo cha namba, saa ya kujizima na vibonyezo vingi.

Katika nchi ambazo umeme haukatiki, ningependekeza ya pili bila kusita, kwa kuwa ikimaliza muda wake hujihamishia yenyewe kwenye kuhifadhi joto. Kwetu jambo ni tofauti. Nyingi za namba, umeme ukikatika hata kwa dakika moja, husahau kila kitu na kubaki zimezima umeme unaporudi. Unarudi nyumbani jioni, nyama ni ya uvuguvugu na imekaa hivyo tangu saa tano asubuhi.

Ya kitufe huendelea kupika umeme ukirudi, jambo ambalo ni zuri na la hatari kwa pamoja, kwa sababu haitakuambia kwamba umeme ulikuwa umekatika kwa muda wa saa nne. Dawa ni rahisi: weka karibu nacho saa ya umeme ya mezani isiyo na betri. Ukirudi na kuikuta inamweka au inasoma wakati wa ajabu, umepata jibu. Nami kwa nyumba ya Dar es Salaam ningechukua ya kitufe pamoja na saa hiyo ya kizamani.

Kanuni ya kufuata umeme ukikatika haina mjadala. Ukiwa nyumbani, hamishia chakula kwenye gesi au mkaa papo hapo, umalizie kupika. Ikiwa kilikuwa kimeshaiva kabisa, kitakaa salama saa mbili bila moto. Ikiwa hukuwepo na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, kitupe, hata kama kinaonekana kimeiva, kwani bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha tena.

Epuka pia kutumia saa ya kuchelewesha kuanza, ikiwa chungu chako kinayo. Mfungaji wa Ramadhani anaweza kushawishika kupanga nyama baada ya daku na kukiamuru chungu kianze saa sita mchana. Nyama mbichi itakuwa imekaa saa saba kwenye joto la jikoni. Ni heri kuipanga adhuhuri na kuwasha hapo hapo kwa moto mkubwa. Itakuwa tayari kabla ya magharibi.

## Hatua ya 5: Dukani, tumia mikono na masikio

Mwombe muuzaji akitoe kwenye boksi. Akikataa, nenda duka la pili.

Nyanyua bakuli la ndani, ulishike kwa ukingo, uligonge kwa kifundo cha kidole kama akina mama wanavyogonga chungu cha udongo sokoni. Bakuli zima hulia mlio safi unaodumu kidogo. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na ufa huo, hata usipoonekana kwa macho, utafunguka siku ya tatu au ya nne ya kupika. Pitisha kidole ndani yote kutafuta mahali ambapo rangi ya kung'aa imekwaruzika. Bakuli likivunjika, kupata la kubadilisha kwa ukubwa ule ule ni kazi ngumu, na mara nyingi hukulazimu kununua chungu kizima.

Zipo aina zenye bakuli jepesi la aluminiamu lisilogandisha, ambalo unaweza kukaangia vitunguu juu ya jiko la gesi kisha ukalirudisha kwenye ganda. Ni urahisi mkubwa kwa mapishi yetu, ambayo mengi huanza kwa kuunga. Ubaya wake ni kwamba hupoa haraka umeme unapokatika, ilhali kauri hushikilia joto.

Weka kifuniko. Kiwe cha kioo ili uone bila kufunua. Kikicheza kidogo si kosa, kwa maana maji ya mvuke hukusanyika ukingoni na kukiziba. Kikiyumba kama meza ya miguu mitatu, kikatae. Kifuniko chenye tundu dogo ni neema, kwa sababu utapitisha sindano ya kipima joto bila kufungua.

Mwisho, omba kichomekwe na kiwekwe moto mkubwa kwa dakika tano, bakuli likiwa na maji kikombe kimoja. Usigombane na harufu kidogo ya mafuta ya kiwandani. Hiyo huisha baada ya matumizi ya kwanza au ya pili. Chukua risiti, na uulize muda wa kurudisha ni siku ngapi. Jaribio linalofuata lifanyike ndani ya siku hizo.

## Hatua ya 6: Jaribio la maji la saa nane

Watu hulipuuza jaribio hili kwa sababu halileti chakula mezani. Lakini ndilo pekee linalokuambia kama chungu chako kinafika kwenye joto salama.

1. Hakiki kipima joto kwanza kwa kukitia kwenye maji yanayochemka sufuriani. Pwani kitasoma karibu nyuzi 100. Nairobi au Njombe kitasoma karibu nyuzi 94, kwa kuwa kila mita 300 za mwinuko hupunguza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi moja.

2. Jaza chungu maji ya bombani, yasiyopashwa, hadi nusu. Funika, weka moto mdogo, na uandike saa uliyowasha.

3. Usifunue. Kila unapofunua, mvuke wote hutoka, na chungu huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudi kilipokuwa. Hii ndiyo sababu ya wapishi wengine kusema kwamba nyama yao haikuiva kwa saa nane: walikuwa wakifunua kila saa ili kuikoroga.

4. Baada ya saa nane funua na upime mara moja katikati ya maji, kabla joto halijashuka.

Kipimo kinachotakiwa ni kati ya nyuzi 85 na 93. Kikiwa chini ya 85, chungu hakifai kwa nyama. Kirudishe dukani na karatasi yako ya vipimo. Kikipita 93, hakina hatari, ila kitakaushia chakula kabla ya muda ulioandikwa kwenye mapishi, kwa hiyo punguza saa moja au mbili. Waliopo nyanda za juu wakumbuke kwamba maji yao hayawezi kupita kiwango chao cha kuchemka hata chungu kikiwa kikali kiasi gani.

## Hatua ya 7: Mchuzi wa kwanza, na maji robo ya ulivyozoea

Anza na nyama, kwa sababu husamehe makosa kuliko maharage. Kwa chungu cha lita 3.5 chukua kilo 1 ya shingo au ubavu, viazi vinne, karoti mbili, vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu na tangawizi.

Nyama iwe imeyeyuka barafu kabisa. Ukiiweka ikiwa imeganda, itachukua saa nyingi kutoka kwenye ubaridi hadi kwenye usalama, na bakuli la kauri linaweza kupasuka.

Kaanga vitunguu, tangawizi na nyanya kwenye kikaango hadi mafuta yajitenge, kisha geuza nyama humo ipate rangi. Chungu hiki hakikaangi, na ladha ya kuunga haitatokea yenyewe hata ukingoje hadi kesho. Panga viazi na karoti chini na pembeni, nyama juu yake. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini mboga za mizizi huiva polepole kuliko nyama na zinahitaji kuwa karibu na joto.

Kisha maji. Tia glasi moja, mililita 250, na usimame hapo. Sufuria ya kawaida hupoteza maji mengi kwa mvuke, ndiyo maana tumezoea kutia mengi. Humu mvuke hugonga kifuniko na kudondoka tena, na nyama na nyanya zenyewe hutoa maji. Huyo wa mchuzi mwepesi alitia lita nzima kama alivyofundishwa na mama yake, ambaye kwa sufuria yake hakukosea.

Weka moto mkubwa saa ya kwanza, halafu mdogo saa sita hadi saba. Ikikupasa kuondoka mapema, mdogo tangu mwanzo kwa saa nane.

Dalili ya kufanikiwa: nyama huachana na mfupa kwa uma bila kuvutwa, na mchuzi hung'ang'ania kidogo nyuma ya kijiko. Ukiwa bado mwepesi, funua na uweke moto mkubwa kwa nusu saa ya mwisho.

Kinachobaki kihamishie kwenye vyombo vifupi kabla ya kukiweka kwenye friji. Usiweke bakuli la moto ndani ya friji, wala usilimwagie maji baridi kabla halijapoa, kwani kauri hupasuka kwa ghafla ya baridi. Kesho yake pasha chakula kwenye sufuria hadi kichemke, si kwenye chungu, ambacho kingekizungusha kwenye uvuguvugu kwa saa nyingi.

## Hatua ya 8: Maharage, kwa utaratibu usiorukwa

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko, lakini haivunjwi na joto la chini. Yakikaa kwenye nyuzi 80 tu, sumu hiyo inaweza kuongezeka makali mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kwenye punje mbichi. Punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu, na dalili huanza saa moja hadi tatu baada ya kula. Chungu cha polepole, ambacho hupanda joto taratibu, ndicho chombo hasa cha kulifanya kosa hili.

1. Loweka maharage angalau saa tano, au usiku kucha.

2. Mwaga maji hayo. Usiyapikie.

3. Tia maji mapya kwenye sufuria na uchemshe kwa moto mkali wa kububujika. Dakika 10 huhesabiwa kuwa za chini kabisa. Mimi huenda hadi 30, na kwa wakazi wa mwinuko hiyo 30 ndiyo niipendekezayo. Mchemko wa kutikisika kidogo pembeni hauhesabiki.

4. Hamishia kwenye chungu pamoja na maji ya moto yanayoyafunika kwa sentimita mbili. Moto mkubwa saa tatu hadi nne, au mdogo saa sita hadi nane.

5. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri hadi punje zilainike. Uchachu huimarisha ganda la harage, na ukiutia mwanzoni utapika hadi alfajiri. Magadi kidogo hufanya kinyume chake, huyalainisha upesi, ila huharibu baadhi ya vitamini na kuacha ladha ya sabuni mkono ukizidi.

Bana punje tatu kutoka sehemu tatu za chungu, si moja ya juu. Zikisagika zote kati ya ulimi na kaakaa bila kiini kigumu, maharage yameiva. Ikiwa moja inakataa, funika na uongeze saa nzima.

Wanaopika maharage ya nazi watie tui jepesi hatua hii, pamoja na kitunguu kilichoungwa, na wangojee nusu saa. Tui zito liingie dakika kumi za mwisho, kifuniko kikiwa wazi na mwiko ukizunguka, kwa sababu likikaa humo saa nyingi hukatika na kuelea mafuta.